Chicago: hoteli gani karibu na Art Institute kwa watu watatu, mmoja goti linamsumbua?

Nuru_Kisauni

Salaam wakuu. Naomba mwongozo wa hoteli Chicago. Tunakwenda mwezi wa kumi, watu watatu: mimi, mama yangu (miaka 71, goti la kulia haliwezi ngazi nyingi) na binti wa miaka 12. Kinachotupeleka ni Art Institute, makumbusho ya sanaa. Binti anachora, na anataka kuuona kwa macho yake mchoro wa mchoraji Seurat, La Grande Jatte. Mengine yote ni ziada.

Nataka hoteli ya kampuni kubwa, zile za Hilton, Marriott, Hyatt au IHG, ili nijue ninachonunua. Bajeti ni dola 250 kwa siku, kodi na kila kitu ndani, chumba kimoja cha watu watatu. Mpaka sasa nimebaki na hizi:

- Palmer House ya Hilton
- Hampton Inn, lakini naona ziko kadhaa katikati ya mji na sijui ipi ni ipi
- Residence Inn ya Loop (katikati ya mji), kwa sababu ina jiko
- Moja ya "Magnificent Mile", ya bei ya chini kuliko zote. Tangazo linasema iko Michigan Avenue, na makumbusho nayo yako Michigan Avenue

Tarehe: kuingia Jumamosi ya wikendi ya pili ya Oktoba, kutoka Jumatano. Jumapili na Jumatatu tutembee mjini, Jumanne yote iwe ya makumbusho. Kulipa nina kadi ya debiti ya benki na ile kadi ya Visa ya M-Pesa ya kwenye simu. Kuna mahali nimekosea kabla sijalipia?

Mkazi_wa_Loop

Dada Nuru, usilipie kwanza. Hoteli itapatikana, ila tarehe zako zina kasoro mbili, na zote mbili ni nzito kuliko suala la hoteli.

Ya kwanza: Art Institute hufungwa Jumanne na Jumatano. Ratiba ya miaka hii ya karibuni ni Alhamisi saa 5 asubuhi hadi saa 2 usiku, na Ijumaa mpaka Jumatatu saa 5 asubuhi hadi saa 11 jioni. Saa 4 hadi saa 5 asubuhi huingia wanachama peke yao. Kwa mpango wako mngesimama Jumanne mbele ya wale simba wawili wa shaba na mlango umefungwa, kesho yake asubuhi mnaondoka.

Ya pili: Jumapili ya pili ya Oktoba ni marathon ya Chicago, ile ambayo Kelvin Kiptum alikimbia kwa 2:00:35 mwaka 2023. Mbio zinaanzia Columbus Drive, barabara inayopita mgongoni mwa makumbusho. Asubuhi ile barabara za kuzunguka Grant Park zinafungwa, teksi haifiki mlangoni, na vyumba vya Loop vimeshashikwa na wakimbiaji miezi mingi nyuma. Kinachobaki huuzwa ghali, tena mara nyingi kwa bei isiyorudishwa.

Sogeza safari: ingieni Alhamisi inayofuata, mtoke Jumatatu. Siku za kulala ni nne zile zile, makumbusho yako wazi siku zote tano, na Alhamisi yenyewe wanafunga saa 2 usiku. Usiku wa Jumapili ndio mara nyingi huwa wa bei ya chini katika Loop, kwa hiyo kuujumuisha kunashusha wastani.

Sasa mahali. Usichague kwa jina la hoteli, chagua kwa namba ya anwani. Chicago imepangwa kwa miraba, na sifuri yake ni makutano ya State Street na Madison Street. Ukiwa na namba na mwelekeo unaweza kukadiria umbali bila ramani:

- Kaskazini, mashariki na magharibi ya sifuri, kila namba 800 ni maili moja, yaani kilomita 1.6.
- Kusini, kutoka Madison hadi Roosevelt Road, maili ya kwanza ina namba 1200. Kwa hiyo 600 South ni nusu maili tu, lakini 600 North ni robo tatu ya maili.
- Michigan Avenue yenyewe iko 100 East. Monroe ni 100 South, Adams ni 200 South, Jackson ni 300 South.

Makumbusho ni 111 South Michigan, na ngazi za simba zinatazamana na Adams Street. Ile hoteli ya "Magnificent Mile", ukiangalia anwani yake, nina hakika utaona North Michigan, 500 au 600 na kuendelea. Barabara ni moja, ila hiyo iko ng'ambo ya mto. 600 North hadi makumbusho ni karibu kilomita 1 na nusu, dakika 20 kwa mtu mzima wa miguu, na lazima uvuke daraja ambalo upepo wake wa Oktoba si wa mchezo. Kwa goti la mama hiyo itoe kabisa. Neno "Downtown" pia lisikubabaishe: hoteli ya 2200 South, karibu na ukumbi wa maonyesho wa McCormick Place, huandikwa hivyo hivyo, na iko kilomita 3 kutoka mlangoni.

Kwa hesabu hiyo orodha yako inakaa hivi. Palmer House, 17 East Monroe: ukitoka mlango wa Monroe unakata kulia, unavuka Wabash, unafika Michigan, makumbusho yako ng'ambo ya barabara. Dakika 5, na mama kwa mwendo wake 8. Hampton Inn Majestic, 22 West Monroe: barabara ile ile, upande wa pili wa State, dakika 8 hivi. Residence Inn, 11 South LaSalle: dakika 10 hadi 12, kwa mama karibu robo saa. Hampton Inn nyingine ni 68 East Wacker Place, ndani ya jengo la 1928 lililokuwa la Chicago Motor Club, na kutoka hapo ni kama dakika 12. Hiyo dereva mwambie neno Place kwa mkazo. Wacker Drive ni barabara nyingine, ndefu, yenye East, West, North na South zake, tena ina tabaka la juu na la chini. Ukishushwa Lower Wacker simu inapoteza ramani na juu yako ni zege tupu.

Kuna na Hilton Chicago, 720 South Michigan, ambayo hujaitaja. Kwa kanuni ya kusini ni nusu maili, mita 800, njia yote tambarare kando ya bustani. Ni hoteli kubwa ya mikutano, hivyo bei yake hupanda na kushuka sana. Wiki isiyo na mkutano inaweza kuwa chini ya zote.

Mapokezi_Usiku

Mkuu hapo juu kamaliza habari ya mahali. Mimi niongeze upande wa dawati la mapokezi, maana hapo ndipo wageni kutoka kwetu wanakwama hata kama wamelipa kila kitu.

Kadi. Kulipia chumba mtandaoni na kupewa ufunguo ni mambo mawili tofauti. Ukifika wanataka kadi ya plastiki yenye jina lako, lile lile la kwenye pasipoti, waiweke kwenye mashine na kushikilia dhamana. Dhamana hiyo kwa kawaida ni dola 50 hadi 100 kwa siku juu ya bei ya chumba. Kiasi halisi hutofautiana, waulize kwa barua pepe. Kadi ya mtandaoni ya kwenye simu haina plastiki ya kuonyesha, kwa hiyo inafaa kuweka nafasi lakini haifai kuchukulia chumba. Kadi ya debiti hoteli nyingi hupokea, ila elewa inavyofanya kazi: kwa kadi ya mkopo wanashikilia kikomo chako, kwa debiti wanashikilia pesa zenyewe. Siku nne kwa dola 75 ni dola 300 ambazo huwezi kuzigusa mkiwa bado safarini. Mkiondoka hoteli huziachia siku ile ile, lakini benki inaweza kuchukua siku 3 hadi 10 za kazi kuzirudisha, na benki ya nje ndiyo huchelewa zaidi. Mambo matatu ya kufanya kabla ya kuondoka Mombasa: weka kwenye akaunti ziada inayotosha dhamana, ijulishe benki kwamba kadi itatumika Marekani, na uliza kikomo cha matumizi kwa siku. Kinachokataliwa mapokezi mara nyingi si salio, ni kikomo cha siku.

Kodi. Kodi ya vyumba vya hoteli Chicago inazidi asilimia 17. Tumia 19 katika hesabu zako ili usipungukiwe. Kwa bajeti ya 250 maana yake utafute chumba kisichozidi dola 210 kabla ya kodi. Tangu Mei 2025 kanuni ya serikali kuu inataka bei ya kwanza unayoiona iwe imejumlisha ada zote za lazima za hoteli, zile zinazoitwa za huduma au za mji, lakini kodi ya serikali bado inaweza kuongezwa mwishoni. Ukilinganisha hoteli mbili, linganisha ukurasa wa mwisho, ule unaoomba namba ya kadi.

Kifungua kinywa. Hapa majina ya kampuni yana faida ya kweli, kwa sababu kila jina lina desturi yake. Hampton Inn, Residence Inn, Homewood Suites, Home2 na Holiday Inn Express: chakula cha asubuhi kimo ndani ya bei. Hilton yenyewe, Hilton Garden Inn, Courtyard, na hoteli kubwa kama Palmer House: unalipia, isipokuwa bei uliyonunua imeandikwa kuwa na chakula. Watu watatu kwa dola 20 kila mmoja ni dola 60 kila asubuhi. Kwa hiyo Hampton ya 210 na hoteli kubwa ya 190 si bei unazoweza kuziweka mizani moja. Mtoto wa miaka 12 mara nyingi analala bure chumba cha wazazi, ila wakati wa kuweka nafasi andika watu watatu. Ukiandika wawili unaweza kupewa kitanda kimoja kikubwa, na jioni ile vyumba vya vitanda viwili vimeisha.

Vitanda. Majina yao yageuze kuwa futi ndipo utaelewa. "Double" ni futi 4 na nusu kwa 6 na robo. "Queen" ni futi 5 kwa 6 na inchi 8. "King" ni futi 6 na inchi 4 kwa 6 na inchi 8. Majengo ya zamani ya Loop yana vyumba vingi vya double mbili, na double kwa wewe na binti ni kubanana. Tafuta chumba kilichoandikwa queen mbili. Residence Inn mara nyingi huwa na kitanda kimoja na sofa inayokunjuliwa kuwa kitanda. Ni sawa kwa binti, ila hakikisha wameandika kuwa sofa hiyo ipo katika aina ya chumba unachonunua.

Namna ya kununua: jiunge kwanza na uanachama wa kampuni husika, ni bure na ni dakika tatu. Kisha nunua kwenye tovuti yao wenyewe, bei inayorudishwa. Inazidi kidogo ile isiyorudishwa, lakini unaweza kuighairi na kuinunua upya bei ikishuka. Rudia kuangalia kila wiki. Aliyenunua kupitia tovuti ya katikati, siku akitaka kubadilisha tarehe mapokezi watamrudisha kule alikonunua.

Na kabla sijasahau: ukiwaandikia, tumia saa yao. Kuingia chumbani ni saa 9 au saa 10 alasiri kwa saa yetu, kutoka ni saa 5 asubuhi mara nyingi. Ukiandika namba bila kugeuza utakuta chumba kimeandaliwa wakati usio wako.

Nuru_Kisauni

Mungu awabariki, mmeniokoa. Nimeshahamisha: Alhamisi hadi Jumatatu. Magnificent Mile nimeitoa. Zimebaki Palmer House, Hampton Majestic na Residence Inn.

Maswali mawili. Moja, kila maoni ninayosoma yanalalamikia kelele za treni za juu. Je, ni kweli, na nifanyeje? Mbili, kutoka uwanja wa ndege wa O'Hare hadi hotelini na sanduku nne na mama asiyeweza ngazi, treni au teksi?

Mkazi_wa_Loop

Kelele ni kweli, lakini ina mahali pake na saa zake.

Reli ya juu inazunguka katikati ya mji juu ya barabara nne: Wabash, Lake, Wells na Van Buren. Hapo ndipo jina la Loop lilipokaa. Reli iko usawa wa ghorofa ya pili au ya tatu, kwa hiyo chumba cha chini kinachotazama Wabash kinaliona behewa likipita nje ya dirisha, na sauti inapanda kati ya kuta za majengo kama ndani ya kisima. Mbaya kuliko zote ni kwenye kona nne za mzunguko huo. Magurudumu mawili ya treni yamefungwa kwenye ekseli moja, hayawezi kuzunguka kwa mwendo tofauti. Treni ikikata kona, la nje lina safari ndefu kuliko la ndani, basi moja linaburuzika juu ya reli, chuma juu ya chuma. Ile sauti kali ya kukwaruza inatoka hapo. Hoteli iliyo mita 50 kutoka kona ya Lake na Wabash itaisikia kuliko iliyo katikati ya Wabash, ambako treni inanyooka na unasikia mngurumo tu.

Saa: treni za usiku kucha ni za njia mbili, Red Line na Blue Line, peke yake, na hizo katikati ya mji ziko chini ya ardhi. Za juu hupumzika usiku wa manane na kuanza tena karibu saa 10 alfajiri. Nyinyi mnaotoka Kenya mwili utakuwa saa nane mbele, mtakuwa macho saa hiyo hata bila treni, kwa siku mbili za mwanzo.

La kufanya: omba upande, usiombe ghorofa tu. Palmer House ina nyuso tatu za barabara, State, Monroe na Wabash. Omba State au Monroe. Vyumba vya ndani vinavyotazama ua wa katikati ni kimya, ila mwanga ni haba na dirisha linatazama ukuta. Hampton Majestic na Residence Inn hazigusani na reli kabisa, hapo usiwe na wasiwasi. Kwa hoteli za Hilton, saa 24 kabla ya kuingia programu yao ya simu inakufungulia ramani ya ghorofa na unachagua chumba mwenyewe. Weka kengele kwenye simu kwa saa hiyo, maana vyumba vizuri huchukuliwa mapema. Na kumbuka ghorofa yao ya kwanza ni ile ya chini kwetu, hivyo ya nane yao ni ya saba yetu.

Nikipima yote, chakula, vitanda na goti, mimi ningeshika Hampton Majestic kama ina queen mbili kwa chini ya 210. Palmer House inaishinda kwa dakika tatu za kutembea na kwa ukumbi wake wa chini, wenye dari la michoro, ambao binti atataka kulala chali kuutazama. Huo mnaweza kuingia kuutazama hata kama hamjalala hapo. Hoteli ya kwanza yenye jina hilo iliungua katika moto mkubwa wa 1871, siku 13 tu baada ya kufunguliwa. Jengo la sasa ni la miaka ya 1920.

Bi_Salma_Kaskazini

Nuru mwanangu, nijibu la O'Hare na la mama, kwa sababu lifti ndizo zitakazoamua.

Ndege nyingi za kimataifa hushusha Terminal 5, na treni ya mjini, Blue Line, haina kituo hapo. Mnapanda kwanza kile kitreni cha bure cha uwanjani hadi upande wa terminali nyingine, ndipo mnashuka kwenye Blue Line. Safari hadi Loop ni kama dakika 45. Shida iko mwisho wa safari: ukitazama ramani, kituo kilicho karibu zaidi na hoteli zenu kinaitwa Monroe, na hicho ni cha ngazi. Pitilizeni kimoja mshuke Jackson, kina lifti, kisha mrudi juu barabara mbili tatu kwa miguu. Sasa sanduku nne, watu watatu, mmoja hawezi kubeba: mimi nasema teksi. Tengeni dola 60 au 70 pamoja na bakshishi, zaidi kidogo kukiwa na foleni, na mpande kwenye msitari rasmi wa teksi, si kwa anayewafuata ndani ya jengo. Treni ya Blue wekeni kwa safari ya kurudi kama sanduku zimepungua.

Mkiwa mjini, mabasi ya CTA, yaani ya usafiri wa umma wa mji, yote yana sakafu ya chini na hujiinamisha mlangoni, dereva ukimwomba anateremsha na ubao. Basi namba 3 na namba 4 hupita Michigan Avenue. Kituo cha treni ya juu kilicho mlangoni mwa makumbusho, Adams/Wabash, ni cha ngazi tupu. Chenye lifti ni Washington/Wabash, kilichofunguliwa 2017, nacho kiko barabara chache kaskazini.

Makumbusho yenyewe yana milango miwili. Ule wa simba una ngazi za mawe mbele. Ule wa Modern Wing, upande mpya wa jengo, 159 East Monroe, uko usawa wa barabara, na Palmer House na Majestic ziko Monroe hiyo hiyo, basi nendeni nao moja kwa moja mashariki. Ni mwendo mrefu kidogo kuliko kona ya Michigan, ila mama hapandi chochote. Ombeni kiti cha magurudumu hapo mlangoni, hakilipiwi. Mama akikataa, mwambie hivi: jengo limepita juu ya njia ya reli, nusu yake huku na nusu kule, na kutoka Modern Wing hadi walipo Seurat na wenzake ni safari ya kuvuka hiyo reli kwa ukumbi mrefu kisha lifti ya kupanda. Mtu humaliza goti lake kabla hajafika kwenye mchoro aliokuja kuuona.

Anzeni na La Grande Jatte saa 5 kamili, kabla makundi ya shule hayajafika. Ni mchoro wa mita 2 kwa 3, na kwenye simu haujulikani kabisa. Mkalishe binti kwa mbali kwanza, auone mto na watu. Kisha asogee hadi hatua mbili. Ile nyasi inayoonekana ya kijani kwa mbali itafumuka mbele yake kuwa vidoa vya njano, vya chungwa, vya samawati, na ule ukingo wa nje kabisa, mwembamba, wenye vidoa vyekundu na vya buluu, ambao picha nyingi za simu huukata, atauona kwa mara ya kwanza. Mpeni nusu saa hapo bila kumwita.

Tiketi: mtu mzima asiye mkazi wa Illinois imekuwa dola 32, mwenye miaka 65 na kuendelea dola 26, na mtoto chini ya miaka 14 ni bure. Kwa ninyi ni 58. Nunueni kwenye tovuti ya makumbusho.

mtembezi_wa_reli

Kwa bajeti hiyo mbona hamtaji zile hoteli tatu za Hilton zilizo pamoja pale 123 East Cermak, karibu na McCormick Place? Kuna Hampton, Hilton Garden Inn na Home2 Suites ndani ya jengo moja. Pasipokuwa na maonyesho makubwa, bei inaweza kuwa chini kuliko Loop, na Green Line kutoka kituo cha Cermak-McCormick Place inasimama Roosevelt, inayofuata ni Adams/Wabash, umefika. Home2 ina jiko dogo na kifungua kinywa ndani ya bei.

Mkazi_wa_Loop

Kwa mtu mwenye miguu mizima nakubaliana na wewe, mkuu, tena kwa moyo wote. Kwa mama Nuru tatizo ni lile alilosema Bi Salma: Cermak kuna lifti ya kupanda, Adams/Wabash hakuna ya kushuka. Itabidi wapitilize hadi Washington/Wabash na kurudi kwa miguu, mara mbili kwa siku. Njia nzuri kwao ingekuwa basi namba 3. Halafu kuna jambo ambalo hesabu ya bei hailionyeshi. Ukilala dakika 8 kutoka mlangoni, mama akichoka saa 8 mchana mmoja wenu anamrudisha chumbani na kurudi, na binti anaendelea kuchora. Kabla ya kutoka waulizeni mlangoni kama tiketi inarudisha mtu siku hiyo hiyo. Ukilala kilomita 3, mama akichoka wote mmemaliza.

Ila kama Nuru atakuta Loop yote imezidi 210, Cermak ndiyo ya pili yangu, mbele ya kaskazini mwa mto.

Nuru_Kisauni

Nimepata Hampton Majestic, queen mbili, dola 204 kabla ya kodi, bei ya kurudishwa, uanachama nimejiunga. Nimewaandikia kuhusu dhamana wakajibu. Benki naenda Jumatatu kuuliza kikomo cha siku. Kuna kitu kimebaki?

Mapokezi_Usiku

Viwili vidogo. Plagi: Kenya ni pini tatu za mraba na volti 240, kule ni pini bapa mbili na volti 120. Chaja za simu na kompyuta zinakubali zote, zinahitaji adapta tu. Birika na pasi za nyumbani ziache. Chumbani kwa kawaida kuna mashine ya kahawa, birika la maji ya chai si desturi yao, kwa hiyo kama mama ana chai yake ya asubuhi waombeni birika kwenye barua pepe ijayo.

Na siku ya kuondoka: hoteli inataka chumba saa 5 asubuhi Jumatatu, na makumbusho yanafunguliwa saa hiyo hiyo. Sanduku waachieni watu wa mizigo wa hapo hotelini, mpewe risiti, bakshishi dola 2 kwa kila sanduku. Usiende nazo makumbushoni. Begi kubwa la mgongoni nalo liacheni, binti abebe daftari na penseli mkononi.

Nuru_Kisauni

Asanteni sana wote. Ndege yetu ya Jumatatu ni saa 3 usiku, kwa hiyo asubuhi ile tutarudi kwa Seurat mara ya pili.

Bi_Salma_Kaskazini

Basi saa 9 alasiri muwe mmeshachukua sanduku. Barabara ya O'Hare jioni hujaa mapema kuliko mnavyodhani.